Frateri wa Kilimarondo na Daftari la Kijapani

Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu vijana wanaotoka vijijini kwetu, Kilimarondo, Nachingwea, Ruangwa, wakaingia nyumba za malezi na kuitwa mafrateri, wakitaka kuwa wamisionari. Nawalenga hasa wale ambao siku moja mkuu wa shirika lao la kitawa anaweza kuwaita ofisini na kuwaambia: utakwenda Japani. Najua wapo wanaouliza sasa hivi, Kilimarondo na Japani wapi na wapi? Nipeni dakika chache.

Wengi wetu tukisikia neno mmisionari bado tunamwona Mzungu mwenye ndevu, kanzu nyeupe iliyoshika vumbi jekundu, anashuka kwenye pikipiki na sanduku la dawa. Huyo alikuwepo, na kazi yake tunaiona mpaka leo ukienda Ndanda, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1906. Lakini nyumba zao nyingi kule Ulaya sasa zina wazee watupu. Mashirika yanachota watu huku. Wakonsolata walioingia Tanganyika mwaka 1919, wakajenga makao yao upande wa Iringa, walikwenda Korea Kusini mwaka 1988 na Mongolia mwaka 2003, na miongoni mwa waliotumwa Asia wamo watoto wa Afrika Mashariki. Wamisionari wa Scheut, waliofika Kongo mwaka 1888, wana mapadre Wakongo wanaohudumu Japani. Shirika la Neno la Mungu liko Japani tangu mwaka 1907, lina Chuo Kikuu cha Nanzan mjini Nagoya, nalo lina Waafrika huko. Kwa hiyo frateri wa Kilimarondo kuambiwa aende Japani si hadithi ya kuchekesha. Ni barua inayoweza kumfikia.

Na huyo atakayeipata barua hiyo, kitu cha kwanza atakachofanya Japani si kuhubiri. Atakwenda shule. Kwa kawaida miaka miwili hivi ya mwanzo ni ya lugha tu: asubuhi darasani, jioni mazoezi ya nyumbani, Jumapili anakaa kanisani akisikiliza mahubiri ambayo hayaelewi. Mtu mwenye shahada ya falsafa na nyingine ya teolojia, aliyewekewa mikono na askofu, anakaa dawatini anafundishwa kusema "hii ni kalamu". Hapo ndipo umisionari unapoanzia, na kwa maoni yangu ndipo unapopimwa pia.

Sisi watu wa kusini tunapaswa kulielewa jambo hilo kuliko wengine, kwa sababu tumeliona likifanyika kwenye ardhi yetu. Mwaka 1876 Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka pwani ya Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia yao ikiwa kufika Ziwa Nyasa. Waliishia Masasi, wakajenga. Steere hakuja mikono mitupu. Alikuwa ameshaishi Unguja tangu mwaka 1864 akijifunza Kiswahili kwa wenyewe, na mwaka 1870 alikwisha kuchapisha kitabu cha kukifundisha. Mwaka uliofuata safari ile ya Masasi akaja kijana Chauncy Maples. Huyo aliwakuta Wamakua na Wayao, akakaa chini. Mwaka 1879, miaka miwili tu baada ya kufika, ikatoka kazi yake juu ya Kimakua. Mnadhani nani alimfundisha? Ni watu wa hapa hapa, wazee waliokaa naye barazani wakimsahihisha, na watoto waliomcheka. Majina ya wengi wa walimu hao hayakuandikwa kwenye jalada la kitabu, na hilo nalisema kwa uchungu kidogo.

Yupo pia Cecil Majaliwa. Ruangwa nzima inalifahamu jina hilo kwa sababu ya mbunge wao wa zamani, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2015 hadi 2025, lakini mimi simsemi huyo, wala sijadai ni ukoo mmoja. Nasema juu ya Myao aliyetekwa utotoni, akalelewa na misheni Unguja, akasomeshwa hadi Uingereza, kisha mwaka 1886 akapelekwa Chitangali, huku kusini, kuwahudumia Wayao. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufika daraja hilo. Kwa hiyo anayedhani Mwafrika mmisionari ni jambo la juzi, amechelewa zaidi ya miaka 130.

Lakini tusijidanganye kwamba kuijua lugha kunatosha. Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha Peramiho mwaka 1898, alikijua Kingoni kiasi cha kuandika juu yake. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1904. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Agosti 1905, aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, jirani zetu hawa, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Ilikuwa vita vya Maji Maji. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu, na machoni pao yeyote aliyekuja na Mjerumani alikuwa Mjerumani. Sarufi haikumwokoa. Kijana wetu anayekwenda Japani leo ana nafuu moja kubwa: nyuma yake hakuna bendera, hakuna bunduki wala mtoza kodi. Anakwenda kama mgeni wa kawaida mwenye viza mkononi, na wenyeji wakitaka wanaweza kumfungia mlango.

Sasa tuingie ndani ya siku yake kabla hajatumwa, maana maisha ya malezi mara nyingi yanazungumzwa juu juu. Katika nyumba ya malezi kengele inalia saa kumi na moja alfajiri. Hakuna kugeuka kitandani. Masifu ya asubuhi, tafakari, misa, halafu chai. Baada ya chai kila mmoja ana sehemu yake ya kufagia au vyombo vya kuosha, kisha masomo hadi mchana. Ugali na maharage, mapumziko mafupi, halafu kazi za mikono: bustani ya mchicha, banda la nguruwe, kupasua kuni. Jioni mpira. Hapo ndipo utawajua wa Ruangwa, kwa sababu watakueleza habari za timu yao ya Namungo mpaka uombe radhi. Masifu ya jioni, chakula, saa ya kujisomea, kisha kimya kikuu, na taa zinazimwa. Kwa kijana wa kijijini kazi si tatizo; jembe amelijua kabla ya kalamu. Kinachomchosha ni kutokuwa na saa hata moja iliyo yake mwenyewe. Wengi wanaoacha hawaondoki kwa sababu ya njaa wala masomo magumu. Wanashindwa na kengele.

Madhehebu mengine yana njia tofauti. Wamormoni, ambao nao sasa wamo Tanzania, huwatuma vijana wakiwa na miaka kumi na minane tu, wavulana kwa miaka miwili, wasichana kwa miezi kumi na minane. Kituo chao kikubwa cha mafunzo kiko Provo, jimbo la Utah, Marekani, na huko wanaopangiwa Japani husukumiwa Kijapani kwa wiki chache kutwa nzima, kisha wanaingizwa barabarani wawili wawili kujifunzia mbele ya milango ya watu. Kila shirika na desturi yake. Mimi, kama ningekuwa na mtoto wa kutumwa, ningependa ile miaka miwili ya darasani, lakini nakiri kwamba barabara nayo ni mwalimu mkali.

Na Kijapani chenyewe kikoje? Msikilizaji, tuanze na habari njema. Kwa matamshi, Mswahili ameshapita nusu ya safari. Vokali zao ni tano, a, e, i, o, u, na karibu kila silabi inaishia na vokali kama zetu. Ndugu zetu wanaochekwa wakifika Dar es Salaam kwa kuchanganya l na r, Japani wapumue, maana huko sauti hizo mbili hazitenganishwi. Kitenzi chao kinabeba viambishi nyuma kama chetu: kula, kulisha, kulishwa, vyote vinajengwa juu ya shina moja. Hata kuhesabu kwao kutakufanya utabasamu. Sisi tunasema mtu mmoja, kitabu kimoja, yai moja, na Mzungu anayejifunza anashika kichwa. Wajapani nao hawahesabu kila kitu kwa namna moja. Vitu virefu vyembamba kama kalamu vina hesabu yao, vitu bapa kama karatasi vina yao, wanyama wadogo wana yao. Aliyelelewa kwenye ngeli halioni hilo kuwa kichaa.

Mitego ipo. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na Kijapani hakiendi hivyo. Kinachohesabika kwao ni urefu wa vokali. Ukiivuta pasipotakiwa unaweza kumwita shangazi wa mtu bibi kizee, na shangazi asikusamehe. Kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo unasikiliza habari yote ya nani, lini, wapi na kwa nini, ndipo mwishowe unaambiwa kama jambo lilifanyika au halikufanyika.

Halafu maandishi. Hapa naomba tutulie. Kijapani kinaandikwa kwa aina tatu za alama kwa wakati mmoja. Mbili ni za silabi, kila moja na alama zake za msingi 46, na mwanafunzi mwenye bidii anazimaliza ndani ya mwezi. Ya tatu ni kanji, zilizotoka China, na zinazohesabiwa kuwa za matumizi ya kawaida ni 2,136. Mtoto wa Kijapani anamaliza shule ya msingi akiwa amefundishwa 1,026. Zinaandikwa kwa utaratibu: kutoka juu kwenda chini, kutoka kushoto kwenda kulia, na penye msalaba mstari wa kulala kwa kawaida hutangulia wa kusimama. Ukikosea mpangilio, hata kama umbo limetokea sawa, mwalimu anaona. Kwa hiyo kifaa cha kazi ni daftari la visanduku, lile lile la hesabu la shule ya msingi. Alama moja kwenye kisanduku kimoja, mstari mzima, kisha mstari wa pili, mpaka mkono uanze kuiandika wenyewe. Padre wa miaka thelathini na tano, mwenye miwani, anajaza ukurasa kwa alama moja kama mtoto aliyepewa adhabu. Kesho yake ameisahau. Anarudia.

Na juu ya yote hayo kuna lugha ya heshima, ambapo kitenzi kinabadilika kulingana na cheo cha unayesema naye na unayemsema. Wazungu wengi hulia hapo. Mtoto wa Nachingwea aliyechapwa kwa kumpita mzee bila shikamoo hatashangaa sana kwamba mdomo unapaswa kupiga magoti.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama. Chukua mtoto wa Kilimarondo. Nyumbani bibi anasema Kimwera, jirani ni Myao, mama mdogo ameolewa kwa Wamakua, wachuuzi wanaokuja msimu wa korosho wanaongea kila aina ya Kiswahili, na upande wa Liwale kuna Wangindo. Akiwa na miaka saba ameshazoea kubadili lugha akivuka uzio. Kama ni mtoto wa Kiislamu, na huku kwetu ni wengi, amepita chuoni akasoma herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, sambamba na zile za darasa la kwanza. Huyo ana maandishi mawili kichwani kabla meno ya utoto hayajaisha. Vijana wa dini hiyo wanaokwenda Madina au Misri kusoma wanaijua habari ninayoisimulia, kengele na daftari na upweke, vyote.

Halafu tunamfanya nini mtoto huyo? Tunamwambia hana lugha. Nimeshuhudia shule ambayo mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kimwera uwanjani. Kiingereza chake kikichechemea tunaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito. Mtoto yule yule ukimpeleka Nagoya, walimu wake wanaweza kuuliza alipata wapi sikio jepesi namna ile. Alilipata kwa bibi yake, bila ada wala kibao. Nasema haya bila kumung'unya maneno: tuna mtaji, na tunaufukia kwa aibu. Padre Yohana Abdallah, Myao wa Unangu, ng'ambo ya Ruvuma, hakuona aibu. Kitabu chake cha habari za Wayao, alichokiandika kwa Kiyao, kilichapishwa mwaka 1919 na wanahistoria wanakitegemea hadi leo.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hulipenda nikiwasimulia. Padre Fransisko Ksaveri, Mjesuiti aliyefikisha Ukristo Japani, aliteremka Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549. Lakini miaka saba kabla yake, mwaka 1542, akiwa njiani kwenda India, alitia nanga Malindi. Aliandika barua juu ya mazungumzo yake na mzee mmoja wa Kiislamu wa mji huo, aliyemlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi watu walikuwa wanasali katika mitatu tu. Kwa hiyo mmisionari maarufu kuliko wote wa Japani alipita kwanza kwa Waswahili. Alipofika Japani alipata tabu ile ile; yeye na wenzake walisoma barabarani maandishi yaliyotafsiriwa kwa Kijapani, na wapo waliowacheka.

Na mwaka 1579 Mjesuiti mwingine, Alessandro Valignano, alishuka Japani akiwa na mtumishi wake Mwafrika. Wajapani walimwita Yasuke. Mwandishi mmoja wa Kijesuiti wa karne ya kumi na saba alisema ametoka Msumbiji, na wapo wanaohisi alikuwa Mmakua. Mwaka 1581 alipelekwa kwa mtawala Oda Nobunaga, ambaye hakuamini rangi ile mpaka alipoamuru Yasuke aoshwe mwili. Kisha akapenda kuongea naye, maana Yasuke alikuwa na Kijapani cha kutosha kusimulia. Nobunaga akambakiza kwake hadi mwaka 1582, alipovamiwa na kufa. Angalieni: Mwafrika huyo hakuwa mmisionari, alikuwa mtumishi wa wamisionari. Hakuna anayejua ni nani alimfundisha, na hakuna kitabu cha sarufi chenye jina lake. Frateri wetu atafika Japani kwa mlango mwingine, na hilo ni badiliko kubwa.

Sasa wazazi, na hili nawaambia taratibu. Mwana akitumwa Japani msitegemee kontena la magari. Ana nadhiri ya ufukara. Mshahara si wake. Bibi akifariki huenda asizike. Tena huko hataona ubatizo wa mamia kama Pasaka za kwetu. Wakristo wote wa Japani, wa madhehebu yote, ni kama asilimia moja ya watu. Nchi ile iliwahi kuupiga marufuku Ukristo kwa zaidi ya miaka 200. Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki mwaka 1597, na marufuku yenyewe iliondolewa mwaka 1873. Anaweza kukaa miaka kumi na parokia yake ikawa na wazee thelathini, wengine wakiwa Wafilipino na Wabrazili waliokwenda kutafuta kazi. Atawazika wazee, atafundisha watoto wa wageni, atanywa chai nyingi sana. Anayepima kazi kwa hesabu ya vichwa atamwona hajafanya kitu.

Mwisho, ndugu zangu wa vigango na jumuiya, nina ombi. Tumezoea kijana akienda unovisi tunachangishana: mbuzi, maturubai, muziki, suti mpya. Sawa, furaha ni haki yetu. Lakini mwaka huu toeni fungu kidogo kwenye mchango huo, mnunulieni madaftari ya visanduku na bando la simu. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, linatangaza kwa Kiswahili, na masomo yake ya Kijapani kwa wanaoanza yapo kwa Kiswahili pia, bure, kwenye intaneti. Si lazima mtu awe frateri. Binti wa sekondari anayepanda kichuguu kutafuta mtandao anaweza kuanza jioni hii. Wajapani wenyewe tangu mwaka 1967 wanaleta vijana wao wa kujitolea nchini kwetu, na kabla hawajapanda ndege wanakalishwa darasani kufundishwa Kiswahili. Nasi tuanze darasa letu. Na kila anayeanza, jioni aketi na bibi yake aongee Kimwera, asikiache.